Usibebe Saa Ukienda Kituoni

Waitu wa Kishanda, mkungu wa jirani umekatwa usiku na mgambo amekufuata kibanjani. Usiulize kosa lako. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inamtaka anayekukamata akutajie, lakini kumhoji mtu mwenye kirungu ni utovu wa adabu, na Mhaya hakosi adabu.

Saa ya mkononi iache nyumbani. Hili nalisisitiza. Tangu uwekwe chini ya ulinzi, polisi wana saa 4 za kukuhoji, na zikiongezwa kwa utaratibu, zisizidi 8 nyingine. Maelezo ya onyo yaliyoandikwa nje ya muda huo Mahakama ya Rufani imeyatupa mara nyingi, hata kwenye kesi za mauaji. Ukiwa na saa utashawishika kuhesabu, na mahabusu anayehesabu huitwa mjuaji. Ndugu, rafiki, wakili: wote unaruhusiwa kuwasiliana nao, ila utawachomesha nauli. Wewe weka dole gumba kwenye maelezo. Kusoma kwanza ni kumdharau aliyeandika.

Kama una hiari, kamatwa Ijumaa jioni. Sheria inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 inapowezekana, na kwa Jumamosi na Jumapili haiwezekani, si umeona? Ukimuudhi Mkuu wa Wilaya, yeye amepewa zake 48.

Ukutani huenda pameandikwa kwamba dhamana ni bure. Kuta huandikwa mengi. Ukiambiwa gari halina mafuta, elewa.

Anayetaka kupumzika kabisa na habari za saa ashtakiwe kwa mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha au utakatishaji fedha. Huko dhamana haipo. Mei 2020 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu kinachoizuia kinapingana na Katiba. Agosti, Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Utapandishwa kizimbani Muleba, usikie upelelezi haujakamilika, urudi baada ya siku 14, usikie bado. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kukutendea kama mkosaji kabla hatia haijathibitika, kwa hiyo ukilala ubavu mmoja kwa kukosa nafasi, lala kama mtu asiye na hatia. Kesi ya mauaji yenyewe itangojea Mahakama Kuu, Bukoba. Ndugu wakiuliza lini, waambie kahawa waivune tu bila wewe.