Basoda wa Chini ya Kitanda

Kisa kilianzia darasani. Ilikuwa Machi 2021, shule zimefunguliwa baada ya likizo ndefu ya korona, na mwalimu wa mwaka wa pili alitaka kujua kama watoto bado wanakumbuka kuhesabu. Kila mmoja ataje kitu cha kwao na idadi yake. Mmoja alikuwa na mbuzi watatu. Mwingine alikuwa na bidoni saba za maji, jambo ambalo kwa mtaa wetu wa Katoyi ni utajiri kushinda mbuzi. Binti yangu akasimama, mikono nyuma kama walivyofundishwa, akasema kwa sauti ya mtoto aliyejiandaa:

"Kwetu kuko basoda makumi ine na babili. Banalalaka chini ya kitanda ya papa."

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, usione kiu. Kwenu soda ni chupa baridi. Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, hiyo ni sikre, na soda ni askari, mwenye bunduki na madaraka yake. Shemeji yangu aliyehamia Dar, aliposimuliwa kisa hiki kwa simu, alisema mtu mwenye soda 42 afungue duka. Katoyi hakuna aliyefikiria duka.

Nyumba zetu hapa nyingi ni za mbao, zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano, na mbao haijui kutunza siri. Habari ilitoka darasani ikapita foleni ya maji, na foleni ya maji haijawahi kupokea habari ikairudisha jinsi ilivyokuja. Jumatatu basoda wangu walikuwa 42. Jumanne walikuwa 60 na mzinga. Mzinga, kusema kweli, nilikuwa nao.

Jumatano jioni umeme ulikuwa umekatika na mimi nilikuwa katikati ya jicho. Nieleze kidogo jambo hili la jicho. Sanamu za askari wangu zina urefu wa milimita 28, karibu na pingili ya juu ya kidole gumba, na jicho la mtu wa kimo hicho ni dogo kuliko yai la chawa. Kwanza unaweka alama nyeupe, kisha unachovya ncha ya sindano katika rangi nyeusi, unabana pumzi, unagusa mara moja tu. Ukigusa kidogo zaidi ana makengeza. Ukigusa chini ana mshangao wa milele. Simu yenye tochi nilikuwa nimeibana kati ya bega na shavu, pumzi nimeibana pia, sindano inakaribia, na mlango ukagongwa. Mstari ulitoka kwenye jicho ukaishia sikioni. Huyo jina lake hadi leo ni Kovu.

Mlangoni alikuwa shefu wa avenue na vijana wawili.

"Papa, nimesikia uko na batu."

"Batu gani, shefu?"

"Bale ba chini ya kitanda."

Kabla sijajibu, mke wangu alipaza sauti kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa: "Muonyeshe, shefu abaone! Hata miye nimechoka nabo."

Nikavuta sanduku la viatu, nikafungua. Shefu akavaa miwani. Akamshika mmoja kichwani kwa vidole viwili, akamleta karibu na tochi, akamgeuza mgongo, akamgeuza uso. Vijana wakasogea. Kwa muda hakuna aliyesema kitu.

"Haba ni ba nani?"

"Force Publique, shefu. Ba mwaka 1916. Banaenda Tabora."

"Banalipwa?"

"Apana, shefu."

Akamgeukia kijana wake. "Ni basoda kabisa."

Basoda hawa walinijia kutoka Liège, kwa dada yangu, ambaye aliniambia kwamba katika maisha yake Ulaya hajawahi kuona haya kama siku ile aliyoingia dukani kuninunulia vidoli, na mwenye duka akamuuliza mtoto ana miaka mingapi, naye akajibu arobaini na minne. Walikuwa thelathini wa bati na kumi na wawili wa plastiki. Mizigo ya kuja kwetu hupitia mikono ya wasafiri, na msafiri wetu alisimamishwa mpakani, upande upi sitasema. Nikaitwa. Afisa alikuwa amemweka mmoja kwenye kiganja, anampima uzito.

"Hii ni madini."

Nikamweleza kwa upole kwamba ni bati tu lililochanganywa na madini mengine. Hapo ndipo nilipojiharibia. Neno bati, mpakani Goma, halitamkwi hivi hivi. Kasiterite, mawe ya bati, ya Walikale wakati huo ilikuwa ikipita kwetu ikielekea kuyeyushwa mbali, na afisa aliniambia amezoea kuiona ikitoka, hajawahi kuiona ikirudi, tena ikiwa imevaa kofia. Nilisimama pale nikifikiri huenda ana haki. Labda bati la Kovu lilipakiwa Walikale, likavuka bahari, likapewa bunduki, likarudishwa Goma kama mgeni. Tulimaliza kwa ushuru ambao haukuwa wa vidoli wala wa madini. Ulikuwa wa jioni ile tu.

Sababu yangu ya kuanza mchezo huu ni babu wa babu yangu. Nyumbani tulisimuliwa kwamba alikwenda Tabora na Wabelgiji katika vita ya kwanza, akarudi. Utotoni nilimwona kichwani akiwa na bunduki. Baadaye bibi akanisahihisha: alikwenda na mzigo. Alikuwa mpagazi. Vita ile ilibebwa kichwani hasa. Jeshi la Jenerali Tombeur, ndiyo hiyo Force Publique ya Kongo ya Wabelgiji, lililoivamia Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1916 lilikuwa na askari kama elfu kumi na tano, na wapagazi waliochukuliwa kwa vita ile walipita laki mbili. Sasa tafuta sanduku la vidoli lenye wapagazi. Utapata maofisa wanaonyosha kidole, utapata wapiga tarumbeta, mpagazi utamtafuta kwa tochi. Nilifanya hesabu nikamwambia mke wangu kwamba, tukifuata historia, askari 42 wanahitaji wapagazi zaidi ya 500. Akasema wakiingia hao 500, mpagazi wa 501 atakuwa mimi, na mzigo wangu ni godoro.

Basi nikaamua wale kumi na wawili wa plastiki wawe wapagazi. Niliwakata bunduki kwa wembe, nikawawekea mizigo ya maharage yaliyofungwa uzi. Chini ya miguu nikawagandishia vipande vya jiwe la volkano kwa gundi ya viatu. Hapo Katoyi tunawazidi wenzetu wa Ulaya: dada anasema huko mchanga mweusi wa kupamba sanamu huuzwa katika vikopo. Hapa nikifungua mlango naingiliwa na wa bure. Wakati wa kiangazi ni wa bure hadi unakera, vumbi linapita kwenye nyufa za mbao na kutua juu ya rangi mbichi, na jeshi langu lote lina sura ya watu waliokwisha kutembea siku arobaini.

Rangi ilikuwa mtihani mwingine. Kofia ya Force Publique ya zamani ilikuwa nyekundu, na nyekundu pekee iliyokuwemo nyumbani ilikuwa rangi ya kucha ya mke wangu. Kwa askari wa bati ilikaa vizuri ajabu, inang'aa kama siku ya gwaride. Nikaridhika, nikaipaka pia kofia ya mpagazi wa kwanza. Sikujua kwamba dawa iliyomo katika rangi ya kucha huila plastiki ngumu. Kofia ililainika, ikashuka kwenye paji la uso, paji likashuka kwenye pua, na mbele ya macho yangu mtu mzima akayeyuka hadi mabegani huku amebeba maharage yake. Binti yangu akalia. Mke wangu naye alikuwa karibu kulia, ila kwa ajili ya chupa. Tukabaki na 41.

Sare nazo. Nilipaka askari wote bluu, kwa rangi iliyobaki jirani alipopaka geti. Jirani yangu mwingine, mwalimu wa historia mstaafu, akaja kuangalia, akakaa kimya, kimya kile cha walimu, akasema: "Wakati wa kwenda Tabora kaki ilikuwa imeanza kuchukua nafasi ya bluu." Nilikuwa nimemaliza wa thelathini dakika hiyo. Nikapata kaki ya kutosha watu kumi na wanne, basi kumi na wanne wakawa kaki, waliobaki bluu. Mwalimu alipowaona tena alitikisa kichwa kwa kuridhika, akidhani nimefanya utafiti wa jinsi sare zinavyogawiwa jeshini.

Maji ya kuoshea burashi nilipimiwa. Mke wangu alikuwa wazi: maji yametoka ziwani kwa mgongo wa mtu, hayawezi kuosha miguu ya Mbelgiji. Mgao wangu ulikuwa kifuniko kimoja cha bidoni kwa jioni.

Shefu, baada ya ukaguzi ule, alikuwa ameanza kupita kila Jumamosi. Mwanzoni alisema anakuja kuhakikisha idadi. Jumamosi ya tatu aliketi. Nikamweleza kanuni: meza ni nchi, rula ni mwendo, dadu ni bahati. Nikamwambia mchezo huu si wa kitoto, kwamba maofisa wa Prussia waliufanya somo tangu 1824, na kwamba Mwingereza H.G. Wells alitoa kitabu mwaka 1913, Little Wars, akifundisha watu wazima kulala kifudifudi sakafuni na kufyatua vizinga vya kuchezea. "Na mwaka uliofuata?" akauliza mwalimu wa historia, aliyekuwa amekuja na kiti chake. Shefu hakujali Prussia. Yeye ni mtu wa kisoro, amekula kete za wazee wa mtaa mzima, na kwake vita ni jambo moja: usisogee mpaka mwenzako achoke. Nilimpa Wajerumani wa Tabora, vizibo vya chupa tu, kwa kuwa dada aligoma kurudi dukani. Kwa kweli Tabora ilianguka tarehe 19 Septemba 1916. Katoyi haikuanguka. Vizibo vilikaa nyuma ya kisanduku cha kiberiti wiki tano mfululizo, na jeshi langu la rangi mbili likaisha mbele yake, dadu kwa dadu.

Tarehe 6 Mei mkoa wetu ukawekwa chini ya utawala wa kijeshi. Wangu hawakupewa wadhifa wowote.

Jumamosi tarehe 22 Mei tulikuwa mezani, zamu yangu, mzinga wangu hatimaye umepata pembe nzuri, watu walipoanza kupiga kelele nje. Tulitoka. Mbingu ya kaskazini ilikuwa nyekundu. Nyiragongo, volkano yetu, ilikuwa imefunguka, na kila mtu mwenye umri wa kukumbuka mlipuko wa 2002 alikuwa ameshafunga kamba za viatu. Usiku ule lava ilisimama Buhene, haikuingia mjini. Yaliyofuata ndiyo yaliyotumaliza: matetemeko, usiku na mchana, siku nenda siku rudi. Mchezo ulibaki mezani jinsi ulivyokuwa, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuufunga. Kovu nilimsimamisha dirishani awe mlinzi. Akitikisika tunakaa, akianguka tunatoka nje. Ndani ya siku mbili jirani walikuwa wakiuliza kupitia mbao, "Papa, yule amesimama?" Hakuna kazi niliyowahi kufanya iliyoheshimiwa mtaani kama ile.

Alfajiri ya Alhamisi tarehe 27 likatoka tangazo la kuhama. Mitaa kumi ilitajwa, Majengo, Mabanga na mingineyo. Katoyi haikuwemo, lakini nani anasubiri kuitwa jina? Gizani nilinyoosha mkono chini ya kitanda, nikashika sanduku la viatu, nikalibana kwapani. Mke wangu alibeba mtoto, karatasi za nyumba, sufuria na unga. Tukaingia barabara ya Sake na mji mzima.

Ni kilomita kama ishirini na tano. Njiani alinitazama mara moja tu, akatazama sanduku, akatazama mbele. Wanaume waliooa wanalijua tazamo hilo.

Sake, tukiwa tumekaa barazani kwa watu, nikafungua sanduku nihesabu. Ndani kulikuwa na viatu. Viatu vyekundu vya kisigino, vya kanisani, ambavyo mke wangu alivihifadhi humo vumbi lisivishike, maana askari walikuwa mezani na sanduku lilikuwa tupu. Alivichukua bila neno, akavifuta kwa kitenge. Kisha akacheka mpaka mtoto akaamka.

"Leo umebeba kitu cha maana," akasema. Siku zote za Sake, katika tope na msongamano ule, alikwenda kuchota maji akiwa na visigino, na watu wakampisha.

Tulirudi Juni. Mlango ulikuwa umefungwa kama tulivyouacha, vumbi kidole kizima. Kovu alikuwa chini ya dirisha, kifudifudi, amefanya kazi yake. Mezani askari wote walikuwa wameanguka, bluu na kaki, mzinga umeelekea ukutani, vizibo vya shefu vimesambaa mpaka uvunguni. Waliosimama walikuwa wapagazi kumi na mmoja tu, kwa kuwa mawe niliyowagandishia yalikuwa mazito na gundi ya viatu ni gundi. Shefu alikuja kabla hajamaliza kukagua avenue. Akaangalia meza kwa muda mrefu, akauliza kitabu cha kanuni kinasemaje kuhusu wapagazi. Nikamsomea: mpagazi hawezi kuteka mji. Akasema basi kitabu hicho mwandishi wake hakufika Tabora. Akaomba dadu.

Sanduku halikurudi kwangu. Ni la viatu, imekwisha, sikuwa na hoja. Jeshi nimelihamishia katika sufuria kuukuu yenye mfuniko, mahali pale pale, chini ya kitanda.

Shule zikafunguliwa tena. Mwalimu, kama kawaida yake, akataka kujua kama watoto bado wanakumbuka kuhesabu. Binti yangu akasimama, mikono nyuma.

"Kwetu kuko basoda makumi ine na moja. Sasa papa amebatia ndani ya sufuria."

Jumatano jioni, hodi.