Jinsi ya Kumchunguza Mwandishi Bila Kukisumbua Kitabu

Mwalimu mwenzangu wa Darasa la Tano na la Sita, semina umezihudhuria na posho umesaini. Umeambiwa kwamba kabla wanafunzi hawajafungua kitabu, wamchunguze kwanza aliyekiandika: alikuwa nani, aliishi wapi, alikula kwa kazi gani. Wazo zuri. Ubaya wake ni kwamba mtoto akimjua mwandishi sawasawa hutamani kukisoma kitabu, na akikisoma huja na maswali, na kipindi ni dakika 40. Sogea nikuonyeshe namna ya kupita hapo salama na sifa zako zote mkononi.

1. Chagua marehemu

Mwandishi aliye hai ni hatari. Anaweza kuwa na shangazi mtaani kwenu. Anaweza kualikwa shuleni akakanusha mliyomwandikia. Abdulrazak Gurnah na Nobel yake ya 2021 angependeza sana ukutani, lakini bado yupo na anaongea. Mchukue Shaaban Robert. Hana ubishi, na hakuna mthibiti ubora atakayethubutu kukuuliza kwa nini umemchagua. Kitabu kiwe Adili na Nduguze: chembamba, kina manyani, na manyani yanachoreka.

2. Gawa vikundi

Kikundi cha kwanza kitafute kuzaliwa. Cha pili kufariki. Cha tatu orodha ya vitabu. Cha nne kichore picha, na usishangae picha ikitoka na sura ya mwalimu mkuu. Waandishi wote wanaochorwa shule za msingi hufanana naye, na yeye hufurahi. Kazi yenyewe itafanywa na yule binti mmoja mwenye hati nzuri. Wengine wamshikie rula.

3. Chanzo kimoja, tena cha juu

Toa simu, washa bando, fungua ukurasa unaotokea kwanza, kisha wasomee waandike. Ukiona ukurasa wa pili unataja tarehe nyingine ya kifo, ufunge haraka kabla kiranja hajachungulia. Watoto wakishajua kwamba vyanzo hugongana watataka kujua kipi ni cha kweli na kwa nini, na hapo utakuwa umewafundisha uchunguzi wenyewe, jambo ambalo halimo kwenye andalio la somo.

Chini ya manila waandike "Chanzo: Intaneti." Ni kama mtu aliyeulizwa embe kalitoa wapi akajibu "mtini", lakini kwa maka peni nyekundu hupendeza.

4. Linda miaka isikutane

Huu ni mtego ambao wengi hawauoni. Kikundi cha pili kitaandika kwamba Shaaban Robert alifariki 1962. Kikundi cha tatu, kwa uaminifu uleule, kitaandika Kufikirika 1967 na Utubora Mkulima 1968. Ukizibandika manila hizo mbili jirani, mtoto wa dawati la mbele atauliza marehemu alitumia kalamu gani.

Jibu lipo na ni rahisi: mtu huandika, miswada ikabaki, wachapaji wakaitoa yeye hayupo. Ila jibu hilo lina mikia. Nani alikaa nayo? Kwa nini haikutoka akiwa hai? Kumbe mwaka wa kuchapwa si mwaka wa kuandikwa? Futa miaka ya vitabu. Orodha bila miaka huonekana ndefu zaidi.

5. Kazi yake isijulikane

Hapa nakuomba utulie, maana hapa ndipo walimu wazuri huharibikiwa.

Shaaban Robert hakuwa anaishi kwa kuandika. Alikuwa karani wa serikali wakati wa Mwingereza, na kwa miaka mingi alikuwa Forodha, Pangani. Yaani mtu wa ushuru. Sasa fungua Adili na Nduguze (mlango ukiwa umefungwa) uone hadithi inavyoanza kusogea: mfalme Rai anagundua kodi ya Janibu imechelewa, anamtuma Ikibali kuifuatilia kwa liwali Adili. Umeona? Ukitaja Forodha, mkono utanyooka nyuma ya darasa: "Mwalimu, ndiyo maana kaanza na kodi!"

Utafurahi kidogo, kisha utajuta. Kwa sababu mwalimu mkweli atalazimika kumwambia asikimbilie. Kisa hicho kina mzizi kwenye Alfu Lela Ulela, na humo nako Harun Rashid anamtuma mtu kwenda Basra kwa sababu hiyohiyo ya kodi iliyochelewa. Kodi haikutoka Pangani. Mtoto hatanyamaza, atauliza basi Shaaban Robert alibadilisha nini. Naam: kule ndugu wawili waovu wamegeuzwa mbwa, huku wamegeuzwa manyani, ingawa kote kuwili kila usiku wanachapwa na ndugu yao huyohuyo anayewahurumia. Kwa nini manyani? Kwa nini yule wa Forodha, katika visa vyote vya Alfu Lela Ulela, kilimvutia hiki cha kodi?

Hapo wiki imekwenda. Darasa zima litakuwa linabishana juu ya mtu na kitabu chake kwa pamoja, bila manila, na mwalimu wa taaluma akipita ataona ukuta mtupu. Andika tu: "Alikuwa mtumishi wa serikali." Hakuna mtoto aliyewahi kuulizia zaidi habari za mtumishi wa serikali.

6. Ficha ushahidi

Kuna vitabu viwili vya kukiepusha navyo kila kikundi. Cha kwanza ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Humo mwandishi amejieleza kwa mkono wake, na kikundi cha kwanza kikigundua hivyo kitaona kimepotezewa muda kwenye simu yako. Kiache kwenye orodha, namba nne au tano, kama kitabu kingine chochote.

Cha pili ni hatari kwa njia ya ujanja zaidi: Wasifu wa Siti binti Saad. Mwimbaji yule wa taarabu wa Unguja aliandikiwa maisha yake na Shaaban Robert mwenyewe. Maana yake marehemu wetu alijua kumtafuta mtu na kumweleza, na watoto wangeweza kumwigiza: anauliza nini, anaacha nini, anasifu wapi kupita kiasi. Kabati lina kufuli. Litumie.

7. Uwasilishaji

Kila kikundi kisome manila yake kikiwa kimeigeukia, migongo kwa wenzao. Mtoto akikwama, msaidie kwa maneno "gwiji", "nguli" na "mchango mkubwa". Makofi matatu. Maswali yaulizwe baada ya kengele.

8. Kitabu chenyewe

Utafika mahali ambapo itabidi kisomwe, au angalau kionekane kimesomwa. Usihofu, mwandishi kakurahisishia. Mwema anaitwa Adili, ndugu zake wanaitwa Hasidi na Mwivu. Soma orodha ya wahusika kwa sauti, uliza "Tunajifunza nini?", na darasa lote litaimba kwamba wivu ni mbaya. Dakika sita, ukijumlisha kufuta ubao.

Kutakuwa na mmoja atakayebaki na nakala chini ya dawati, anasoma kimyakimya kujua manyani yaliishia wapi. Mpe kazi ya kupaka rangi fremu ya manila.

Mtihani utunge mapema, kabla hata ya mada, ili mambo yalingane: Shaaban Robert alizaliwa mwaka gani? 1909. Mkoa gani? Tanga. Alifariki lini? 1962. Taja vitabu vyake vitatu. Wastani wa darasa utapanda hadi mwalimu mkuu akutaje mstarini, na mzazi akija kuuliza kitabu kinahusu nini, mpeleke ukutani.