Nirudishieni Kovu Langu

Hapa Chundwa siku hizi hakuna mzee. Wapo wenye mvi, wapo wanaotembelea mkongojo, wapo waliokula chumvi hata wakasahau walianza lini. Lakini fungua simu za watu uone: wote ni vijana wa kwenda kuposa. Nahodha aliyepigwa na kusi na kaskazi tangu ujana wake, kwenye picha ana shavu laini linalong'aa, na meno ambayo mimi binafsi ni shahidi kwamba yaling'oka zamani.

Mchawi wa haya yote ni mtoto wa kaka yangu. Ana simu yenye kamera tatu mgongoni na kompyuta aliyoinunua Mombasa ikiwa imeshachoshwa na mtu mwingine. Kwa vitu viwili hivyo amejitangaza fundi wa picha wa kisiwa kizima cha Pate, kutoka Kizingitini mpaka Mtangawanda. Picha ni shilingi mia. "Kusafisha uso" ni hamsini juu yake. Sijui nani alimwambia nyuso zetu ni chafu.

Mimi balaa lilinifika pale kamati ya jabia, yaani tangi letu la maji ya mvua, ilipotaka picha za wajumbe zibandikwe ukutani, ili maji yakivuja watu wajue wa kumgombeza. Nikavaa kanzu nyeupe na kofia yangu ya vito, nikaitwa nje ya msikiti saa sita mchana. Saa sita! Sisi tuko digrii mbili tu kusini mwa ikweta. Saa hiyo jua limekukalia utosini, nyusi zinatupa kivuli machoni, pua inatupa kivuli mdomoni, na mtu mzima anageuka fuvu lililovaa kofia. Nikamwambia, "Mwanangu, tungoje alasiri." Akanijibu, "Ami, usijali, nitarekebisha kwa kompyuta."

Neno hilo, "nitarekebisha", ndilo linalonipandisha damu. Dawa ya jua la saa sita haihitaji kompyuta, iko katika kila nyumba hapa: ni mlango. Msimamishe mtu hatua moja ndani ya kizingiti, uso wake uelekee nje, wewe mwenye kamera ukae nje pembeni kidogo usimzibie. Jua lenyewe halimfikii. Kinachomfikia ni mwanga wa mbingu na ule unaodunda kutoka mchangani, unaoingia kwa upole na kuinua hata kivuli cha chini ya kidevu. Nyuma yake chumba ni giza, kwa hiyo huna haja ya kukesha ukimfuta mbuzi wa jirani. Na ndani ya mboni utaona nukta nyeupe ya mwanga. Ikikosekana hiyo, macho hufa hata kama mwenyewe anacheka. Yote hayo ni bure. Ukiyakosa, usitegemee programu ikukomboe, kwa sababu kivuli kilichozama mpaka kikawa cheusi tii hakina kitu ndani yake. Ukikiangaza unapata kijivu chenye chembechembe, basi.

Yeye hakungoja alasiri wala hakutaka mlango. Akanisogezea simu usoni, karibu mpaka nikajua asubuhi alikula mkate wa mofa. Sasa, sisi katika ukoo wetu tuna pua, hatukatai. Lakini picha ile ilitoka na pua ya watu wawili. Na kosa si la lenzi, ni la umbali. Simu ikiwa shubiri mbili kutoka usoni, pua iko karibu nayo mno kuliko masikio, basi pua inatanuka na masikio yanakimbilia kisogoni. Rudi nyuma hatua mbili tatu, tumia kamera ile ya kuvuta. Kama huna, piga hivyo hivyo ukate kingo baadaye. Kijana hakurudi nyuma hata unyayo. Aliipunguza pua kwa kompyuta, na alipokuwa akiiminya, ukuta wa msikiti uliokuwa nyuma yangu ukapinda nao kiunoni. Mungu atusamehe.

Kisha kanzu. Kamera haijui kanzu wala buibui. Inachojua ni kwamba dunia, ukiichanganya yote, ni kijivu. Ikiona weupe mwingi inashtuka, inapunguza mwanga, na uso wangu, ambao hata bila msaada hauna upungufu wa weusi, unazama. Ikiona buibui inafanya kinyume chake: inaangaza mpaka uso wa watu unapauka. Ndiyo maana kwenye picha za harusi za mwaka jana bwana harusi ni kanzu iliyosimama yenyewe. Na dawa yake hata mtoto wa chuo anaiweza: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, shikilia kwa muda mfupi, kisha telezesha kile kijijua juu au chini mpaka ngozi iwe ngozi. (Za bibi harusi sikuziona wala sina ruhusa ya kuziona, picha za upande wa wanawake hubaki upande wa wanawake. Nasikia huko ugomvi ni mkubwa zaidi.)

Kwa hilo la weusi simlaumu peke yake. Karne iliyopita Kodak walikuwa wakizisambazia maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye sura ya mwanamke Mzungu, kadi zikaitwa Shirley, na rangi zikapangwa mpaka yeye apendeze. Sisi tukatokea macho na meno. Filamu zilipokuja kurekebishwa, malalamiko yaliyosaidia ni ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, kwamba bidhaa zao za kahawia hazitoki vizuri. Yaani kabati lilitetewa kabla ya ami yenu. Leo simu inauona weusi wetu sawasawa ukiipa mwanga, na huyu mtoto wetu, kwa kidole chake mwenyewe, anaufuta. Filta ya kwanza anayoigusa ni ya kung'arisha.

Baada ya hapo ndipo akanisafisha. Mafundi wa kweli wana kanuni yao: kitakachoondoka chenyewe wiki ijayo, kama chunusi au alama ya mbu, kiondoe, kitakachoingia na mtu kaburini, kiache. Tena huigawa picha matabaka mawili, moja la rangi na vivuli, jingine la vitundu na mistari ya ngozi, ili wakisawazisha mabaka ya lile la kwanza, la pili libaki salama. Huyu wetu ana kitufe kimoja tu cha kulainisha. Alikivuta mpaka mwisho wa reli. Makunyanzi yakaenda, vinyweleo vikaenda. Halafu akawasha ule ukungu wa nyuma, ambao ni simu inayokisia mtu anaishia wapi, nayo ikakisia vibaya: ikala nusu ya sikio, ikala na ukingo wa kofia yangu, kazi ya mkono iliyochukua miezi, kila kitundu kimezungushiwa uzi. Na likaenda kovu.

Kovu lenyewe liko juu ya nyusi ya kulia. Nililipata utotoni kwa ndoana, mshipi wa nguru ulipokatika. Si pambo, lakini lina kazi: Chundwa tuko wawili wenye jina moja na jina la baba moja, na watu hututofautisha kwa kovu. Picha ilipobandikwa bila kovu, kila aliyekuwa na neno kuhusu jabia alipiga hodi kwa somo yangu. Maskini hajawahi kukaa katika kamati yoyote. Aliamshwa alfajiri kuulizwa habari za ndoo na chura.

Nilipomgombeza kijana, akanitajia Bakor. Kumbe anasoma! Ni kweli, Omar Said Bakor alikuwa na studio yake Lamu mjini, na kwa mkasi, gundi na chumba cha giza aliweza kukichomoza kichwa cha mtu katikati ya ua lililochanua. "Ami, Bakor aliediti kabla sijazaliwa." Hoja ina nguvu, lakini nikamwambia: Bakor alipokuotesha ndani ya ua, hakuna aliyekuuliza ulipandwa lini. Kila mtu alijua ni mchezo, umeulipia, umeupata. Na uso uliokuwa ndani ya ua ulikuwa wako. Au mtazame Parekh wa Mombasa, aliyefungua studio mwaka 1942: kazi kubwa aliimaliza kwa taa na mkao, kabla kidole hakijagusa kitufe. Wewe umenificha mimi ndani ya mimi, kisha unasema hujafanya kitu.

Akanywea kidogo. Nikasema, basi nipe picha ya awali. Hana! Alihifadhi kazi juu ya faili lile lile, badala ya kutoa nakala aichezee nakala. Iliyobaki ni ile aliyonitumia kwa WhatsApp siku ya kwanza, ambayo WhatsApp ilishaibana kwa kupunguza uzito, maana hakuituma kama waraka. Ukiikuza upate kovu, unapata vigae vya bafuni.

"Sasa kovu nitalichora upya, ami. Ni tabaka jipya. Shilingi mia."

Nikatoa mia. Yeye alikuwa Faza, akanipigia simu: "Upande gani?" Nikamwambia wa kulia. Akalichora, zuri kwa kweli, lina hata kivuli chake. Ila amelichora kulia kwa anayetazama, yaani juu ya nyusi yangu ya kushoto. Picha ikabandikwa hivyo hivyo.

Jana somo yangu amekuja barazani anacheka. Anasema watu wamesimama mbele ya ule ukuta, wamebishana mpaka adhana, na wameafikiana kwamba huyo si mimi wala si yeye. Huenda ni mjumbe kutoka Mbwajumwali. Tangu hapo hakuna aliyebisha hodi kwake wala kwangu, na jabia linavuja vile vile.

Kulihamisha kovu, fundi anataka hamsini. Nimemwambia asiwe na haraka.