Safari ya Peke Yake na Sombe ya Watu

Utalii wa begi mgongoni, yaani desturi ya mtu mmoja kuzunguka miji ya kale akiwa na mzigo anaoumudu mwenyewe, akilala penye nafuu na asimtegemee yeyote, ulistawi miongoni mwa vijana wa Ulaya na Marekani waliotamani kupumzika mbali na jamaa zao. Msemaji wa Kiswahili anayeijaribu desturi hiyo katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo hukutana na kikwazo kisichotajwa katika vitabu vya mwongozo, nacho ni kwamba jamaa wamekwisha kufika kabla yake. Miji hiyo imewapokea wakimbizi wengi kutoka mashariki ya Kongo, Burundi na Somalia, ambao baadhi yao walikaa miaka mingi katika kambi za Tanzania na Kenya, kwa hiyo simu moja ya kumwambia mama aliyeko Kigoma kwamba mwanawe amefika salama, ikipigwa kwa sauti ndani ya basi la mjini, inatosha kumfanya abiria wa kiti cha nyuma aulize, "Shikamoo yangu umemfikishia mama? Na wewe unalala wapi?"

Louisville ulianzishwa mwaka 1778, umri unaomstaajabisha Mmarekani kuliko mtu wa Unguja, ambaye kule Kizimkazi ana msikiti wenye maandishi ya mwaka 1107. Anachopaswa msafiri kukiona Louisville ni jumba la kumbukumbu la Muhammad Ali, mzaliwa wa mji huo, na mwenyeji wa Kikongo humpeleka mwenyewe, akieleza njia nzima kwamba bondia huyo alikuwa wa kwao tangu alipompiga George Foreman mjini Kinshasa mwaka 1974. Msafiri wa Kitanzania angeweza kujibu kwamba mwaka 1980 Ali alifika Dar es Salaam pia, akiwa ametumwa na Rais Jimmy Carter kuomba Michezo ya Olimpiki ya Moscow isusiwe, na kwamba Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Kubeba mzigo wa mtu mwingine kuna hatari zake hata kwa bingwa wa dunia.

Na mzigo ndio kiini cha jambo hili. Asubuhi ya kuondoka, mama mwenye nyumba hutokea na mfuko, akisema, "Ni kamuzigo kadogo tu, mwanangu, ka dada yangu wa Buffalo." Ndani yake kuna sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, ambayo Watanzania huyaita kisamvu, yakiwa yamegandishwa hadi kuwa matofali ya kijani, kuna ndagala wakavu, yaani dagaa, wenye uwezo wa kujitangaza kupitia plastiki tatu, na kuna chupa ya mawese iliyofungwa utepe mdomoni kwa uangalifu unaozidisha wasiwasi badala ya kuupunguza. Begi lililokuwa na mashati mawili na mswaki sasa linahitaji watu wawili kulipandisha mgongoni.

Columbus haujapata treni ya abiria tangu mwaka 1979, na Louisville ulipoteza ya kwake mwaka 2003, hivyo safari ni ya basi linalopitia Cincinnati, ambako sombe hufika ikiwa bado jiwe, na kuishia Columbus, ambako huwa mchuzi. Hapo ndipo palipo na kitu kinachokaribia Ulaya halisi, mtaa wa German Village, uliojengwa na wahamiaji wa Kijerumani katika karne ya 19, wenye nyumba za matofali mekundu, barabara za matofali na sanamu ya mshairi Schiller bustanini. Msafiri huutembelea akiacha nyuma yake mstari mwembamba wa kijani. Katika duka moja la vitabu la mtaa huo, lenye vyumba 32 na mapito membamba, kila anapogeuka kuomba radhi kwa kitabu alichokiangusha begi lake huangusha kingine, huku wanunuzi wakinusa hewa na kutazama soli za viatu vyao kwa adabu kubwa.

Jioni huokolewa na familia ya Wabantu wa Somalia, ambao Marekani ilianza kuwapokea kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ambao baadhi yao wangali wanasema Kizigua cha mababu waliouzwa utumwani kutoka upande wa Tanga. Friza ya familia hiyo huirudishia sombe ujiwe wake, na malipo ya huduma hiyo ni kifurushi kingine cha Buffalo.

Buffalo upo kando ya Ziwa Erie, ambalo hewa baridi ikilivuka huchota mvuke na kuumwaga kama theluji, na mwezi Novemba 2014 viunga vya kusini vilifunikwa kwa zaidi ya mita moja na nusu. Baridi hiyo ina faida moja, kwamba mawese huganda na hayamwagiki. Simu nayo, ikinasa mnara wa ng'ambo ya Mto Niagara, humkaribisha msafiri nchini Kanada, ambako hana viza wala nia ya kwenda. Wenyeji hawamruhusu kufika peke yake kwenye maporomoko ya Niagara, yaliyo umbali wa kama kilomita 30, bali humpakia garini pamoja na watoto wote, na katika kila picha anayojipiga akitazama maji kwa huzuni ya mtu mpweke, kuna mtoto mmoja mbele yake anayeonyesha vidole viwili.