Shukrani kwa Sekunde Nane: Barua ya Wazi kwa Wenye Mtihani wa GMAT

Kwa Baraza la GMAC,
Reston, Virginia, Marekani.

Waheshimiwa,

Najua barua hii haisomeki kwa dakika mbili. Muda ukiwaishia katikati, bahatisheni mwisho wake. Ndivyo mlivyowazoesha vijana wetu wanaotaka kuingia shule za biashara.

Kwanza, shukrani. Katika mtihani wa zamani, sehemu ya Hesabu ilikuwa na maswali 31 kwa dakika 62, yaani dakika mbili kamili kwa swali. Mlipoleta mtihani mpya Novemba 2023, yakawa maswali 21 kwa dakika 45. Nimepiga hesabu kwa mkono, maana kikokotoo kwenye sehemu hiyo mmekikataza: mmetuongezea sekunde nane na ushei kwa kila swali. Mungu awazidishie. Kwa sekunde nane mtu anapangusa jasho la kiganja, anaishika kalamu upya, na bado inabaki moja ya kujuta.

Pili, hongereni kwa falsafa. Wazee wetu walituaminisha kwamba mwenye akili ni yule anayekaa na jambo gumu mpaka limfungukie. Kwenu mwenye akili ni anayejua kulitelekeza. Mtahiniwa akikwama kwenye swali la mabomba mawili yanayojaza tangi, anayetaka kulielewa ameshaula wa chuya. Mjanja anabonyeza C na kusonga mbele. Na kwa kuwa kuacha maswali bila kujibu kuna adhabu, dakika ya mwisho ni B, D, A, B, bila hata kusoma. Huyo ndiye tutakayemkabidhi mifuko yetu ya pensheni.

Mmeruhusu pia kurekebisha majibu, yasizidi matatu kila sehemu, kwa aliyebakiwa na muda. Ni ukarimu wa kumwalika mtu karamuni huku mlango mmeufunga. Mapumziko nayo yapo, dakika 10, mara moja. Ukichelewa kurudi kutoka msalani, dakika ulizochelewa zinakatwa kwenye sehemu inayofuata.

Ila maswali ya utoshelevu wa taarifa nayapenda kweli. Mtahiniwa anaulizwa bei ya shati, anapewa kauli mbili, na kazi yake si kutafuta bei. Ni kusema kama kauli hizo zingetosha kuipata. Akihangaika mpaka akaipata bei yenyewe, kapoteza sekunde zake bure. Hapo umeneja mmeujua barabara. Vikao vingi vya maofisini huishia papo hapo, kwenye kukubaliana kwamba taarifa hazitoshi, kisha chai.

Sasa niache utani kidogo. Sehemu ya Lugha ina maswali 23 kwa dakika 45, chini ya dakika mbili kwa swali, na humo humo kuna kusoma vifungu vya habari. Kijana wa Morogoro alianza na Kiluguru nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, Kiingereza akakutana nacho sawasawa sekondari. Mwenye ulemavu anaweza kuomba muda wa ziada, na ni haki yake. Kiingereza kilichokuja cha tatu si ulemavu, kwa hiyo kijana wetu anapewa dakika zilezile na kijana wa Boston aliyezaliwa nacho. Matokeo yakitoka, nani atajua kilichopimwa ni hoja zake au kasi ya macho yake?

Wawakilishi wa vyuo tisa waliokutana mwaka 1953 kuanzisha mtihani huu, sidhani kama walipewa dakika mbili mbili za kuamua. Na huko kwenye shule zenyewe, kisa cha kampuni moja husomwa usiku kucha kabla hakijajadiliwa darasani. Haraka yote hii ni ya mlangoni tu.

Ombi langu ni hili. Chukueni kundi la watahiniwa, wapeni maswali yaleyale kwa dakika 70 kila sehemu, kisha chapisheni orodha mbili za waliofaulu: ya dakika 45 na ya dakika 70. Majina yakibaki palepale, nitanyamaza na ada nitalipa. Yakibadilika, rudisheni dakika za watu.

Wenu katika haraka,
Mlipa ada, Dar es Salaam.