Kadi Zao, Gharama Zangu

Mtu anayesifia ushindani wa soko muulize kama aliwahi kununua kamera ya dijitali miaka ile ya 2000 mwanzoni. Kamera ulichagua wewe. Kadi ya kutunzia picha ulichaguliwa.

SanDisk walitoa CompactFlash mwaka 1994, kadi imara ya kueleweka. Tungeishia hapo tungekufa? Mwaka uliofuata Toshiba wakaleta SmartMedia, nyembamba hata milimita moja haifiki. Haikuwa na chipu ya kujiongoza, kazi hiyo ilitwishwa kamera, kwa hiyo kamera ya zamani ikipewa kadi yenye nafasi kubwa zaidi inagoma. Mwaka 1997 ikaja MMC, ya Siemens na SanDisk walewale. Mwaka 1998 Sony wakasema wao hawali sinia moja na mtu, wakatoa Memory Stick yao. Nayo ilikomea MB 128, ikabidi itungwe Memory Stick PRO, ambayo vifaa vingi vya Sony vya zamani havikuitambua. Ndugu wa tumbo moja, hawasalimiani!

Mwaka 1999 Panasonic, Toshiba na SanDisk wakatangaza SD. SanDisk tena! Hawa hawakosi kikao. Ungedhani Olympus na Fujifilm wangejiunga, lakini mwaka 2002 wakaja na xD yao. Kilichonikera kuliko vyote ni kwamba baadhi ya kamera za Olympus zilikataa kupiga panorama mpaka uweke kadi ya xD yenye jina la Olympus. Kadi ileile, umbo lilelile, ila ubini tofauti.

Mimi nimebaki na xD yenye picha za harusi ya shemeji yangu. Niliipeleka dukani, kijana wa kaunta akaigeuza-geuza, akaniuliza kwa heshima zote, “Mzee, hii ni laini ya mtandao gani?” Nilipomweleza akaenda kumwita mwenzake waje waione wote. Hawakunitoza chochote, maana hawakufanya chochote.

SD ndiyo iliyoshinda. Januari 2010 hata Sony walitangaza kwamba nao watauza SD. Hakuna aliyeturudishia hela za zile nyingine.

Msomaji, kama una kadi rida yenye tundu la xD, niazime kwa siku moja. Shemeji anaulizia picha zake kila Idi.