Sifa za Shangazi Kaja

Sanduku la magurudumu halijawahi kubeba fenesi. Hilo peke yake lingetosha kumaliza ubishi, lakini kwa kuwa wenye masanduku ni watu wa hoja, na tuwape hoja. Anayesifiwa hapa ni ule mfuko mkubwa wa miraba ya bluu, nyekundu na nyeupe, wenye zipu juu na mikono miwili, ambao Watanzania wameuita shangazi kaja. (Nasema "anayesifiwa" makusudi, mwenye jina la ukoo hawekwi kwenye ngeli ya vitu.) Mwaka mzima analala uvunguni, amekunjwa kama barua, amebanwa na ndoo na viatu visivyo na wenza, na hakuna anayemjulia hali. Ukifika mkesha wa safari ndefu, tuseme ya kutoka Mashewa katika bonde la Lwengera, kupitia Magoma na Korogwe, kisha Segera na Chalinze hadi Dar es Salaam, ndipo nyumba nzima inapoulizana yuko wapi. Anavutwa, anakung'utwa, mende wawili wanaaga, na rafiki wa zamani anafunguka bila neno la lawama. Ni rafiki gani mwingine unayeweza kumsahau miezi kumi na moja, ukamwita usiku wa kuamkia kazi nzito, naye akaitika?

Ubora wake wa kwanza uko kwenye jina. Mfuko huuhuu umezunguka dunia, na kwingi ulikofika umepewa jina la kumsimanga mtu. Januari 1983 serikali ya Shehu Shagari wa Nigeria iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke nchini; mamia ya maelfu ya Waghana walifungasha walichoweza katika mifuko hii, na mpaka leo Wanigeria wanauita kwa maneno yenye maana ya "Ghana lazima waondoke". Wajerumani nao waliuita sanduku la Mturuki, wakiwacheka vibarua wahamiaji waliokuwa wakirudi kwao likizo. Majina hayo yametungwa na watu waliokuwa wakitazama mgongo wa anayeondoka. Aliyetunga la kwetu alikuwa amesimama mlangoni akimpokea mgeni. Tena hakumtaja mjomba wala jirani. Shangazi ndiye jamaa anayekuja bila kusema ataondoka lini, mwenye haki ya kumgombeza kila mtu hadi baba mwenye nyumba, na ambaye hafiki mikono mitupu. Mfuko ukiitwa hivyo, umeshapewa na kazi yake: unasafiri kwa ajili ya wale wanaosubiri mwisho wa safari.

Ushahidi ni rahisi kuupata. Lipekue sanduku la magurudumu, utakuta mali ya mwenye sanduku: mashati, manukato, chaja. Kisha mpekue shangazi kaja aliyepakiwa Korogwe. Utakuta mahindi ya Handeni, maharage ya milimani, unga wa muhogo wa bada, mkungu wa ndizi uliokatwa vichane ili upate kuenea, chupa ya asali, na fenesi ambalo harufu yake imeshamtangulia abiria hadi kiti cha dereva. Nguo za msafiri nazo zimo, ila kazi yake humo ni kuzuia chupa zisigongane. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga, na hawakueleza mwenyeji atapona kwa dawa gani. Dawa yenyewe ndiyo hiyo iliyo chini ya zipu. Wakati wa kurudi mambo yanageuka lakini tumbo halipungui: sukari, sabuni, vitenge, madaftari, na viatu vya mtumba vilivyonunuliwa kwa kukisia mguu wa mtoto.

Wapinzani watasema hana nguvu. Mikono yake hukatika stendi, na zipu yake ina desturi ya kufia Chalinze. Ni kweli. Lakini hukatika akiwa amebeba maradufu ya alichotarajiwa kubeba, na hakuna aliyewahi kulipima sanduku kwa kipimo hicho. Watasema pia kwamba wote wanafanana, hivyo kwenye buti la basi huwezi kumtambua wako. Kufanana huko ni ulinzi: mwizi hawezi kujua yupi ana simu na yupi ana makopa. Mwenye mali anamjua wake kwa kipande cha khanga alichofunga mkononi mwake. Na kuhusu aibu, wanaomficha kwa sababu ya umaskini wake wajue kwamba mwaka 2007 Louis Vuitton, wauza mabegi wa Paris, walitoa begi lao lenye miraba hiyohiyo. Walichukua miraba, bei waliiongeza wenyewe.

Lipo shtaka zito zaidi, na Korogwe ndiyo yenye haki ya kulileta. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Kutokana na michache hiyo mashamba yalitanda Tanga nzima, bonde la Lwengera likiwemo, na mwaka 1964 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 za katani. Kisha ikaja polipropilini, plastiki itokanayo na mafuta, ambayo kamba zake zilikuwa nafuu na haziozi. Bei ya katani ikaporomoka. Utaifishaji wa 1967 na uendeshaji uliofuata haukuiokoa, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000. Sasa basi, shangazi kaja amefumwa kwa nyuzi za polipropilini hiyohiyo. Kumwimbia sifa Korogwe ni kumsifu mtoto wa mtu aliyekufungia duka lako.

Shtaka hili linamshika mzazi barabara, lakini kwa mtoto linalegea. Katani iliangushwa hasa kwenye kamba za kufungia majani makavu katika mashamba ya Ulaya na Marekani. Mfuko wa kumpelekea mgonjwa chakula Muhimbili haukuwa na mkono katika kesi hiyo. Tena mkonge, kwa utukufu wake wote, sehemu kubwa uliondoka kwa marobota kwenda bandarini, na mkata mkonge akabaki kufunga safari yake katika shuka. Kuhusu uchafu wa plastiki, tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku ile mifuko laini ya kubebea bidhaa, inayotumika saa moja na kuning'inia mitini miaka. Shangazi kaja hatupwi hivyo. Zipu ikifa anashonwa kwa sindano ya gunia. Mikono ikikatika anakuwa ghala la mbegu. Akitoboka kabisa anatandikwa chini ya maharage yanayoanikwa.

Mimi ningeshauri shangazi kaja na katani wapatanishwe, na upatanisho wenyewe ni rahisi. Anayeondoka Mashewa kesho alfajiri amtoe uvunguni leo kabla giza halijaingia, amkung'ute, amwangalie mishono. Fenesi likae chini, mahindi yafuate, unga juu, asali katikati ya nguo. Halafu, kwa kuwa Chalinze ipo palepale, amzungushie kamba mara mbili, na kamba hiyo iwe ya katani.